Ziwa Ulilolikana Mkange

Kaka yangu Rajabu,

Salamu za watu wa Kaole utaletewa na wengine, maana siku hizi wanaokusalimu ni wengi. Mimi nimekaa kukuandikia kwa herufi zile zile za Kiarabu tulizofundishwa pamoja chuoni, kwenye Kurani, na karatasi hii siifungi. Kabla haijaondoka hapa nitawasomea wanawake wa kundi letu la ngoma ya lelemama, kwa kuwa yaliyomo yanawahusu nao. Ukiipata, wasomee na hao wanaokuzunguka, ukitaka.

Mjumbe wako alifika juzi. Mtu ana adabu zake, amekula, amesifu mchuzi, kisha akasema unakuja Bagamoyo kugombea kiti kikubwa, na unataka nisimame kando yako jukwaani niwashuhudie watu kwamba ulinyonya ziwa la mama yangu. Nilimwambia jibu nitalitoa kwa maandishi.

Nianze na unayoyajua, ili anayesikiliza naye ayajue. Mama yako mzazi alifariki kwenu Mkange, huko bara, hujatimiza siku arobaini. Baba yako akaja huku kuangua nazi, amekubeba mgongoni kwa shuka, akawa anabisha hodi nyumba hata nyumba akiomba maziwa. Mama yangu alikuwa amenizaa mimi mwezi ule ule. Alikunyonyesha miaka miwili, ukakulia kwetu, na alipenda kututania kwamba wewe ukimaliza ziwa lako ulinyoosha mkono kwenye langu. Kwa sheria ya dini yetu akawa mama yako, nami dada yako. Hukuweza kunioa, wala sikuwahi kujifunika uso mbele yako. Mama hakujaliwa mtoto mwingine, na baba yangu alipofariki, mwanamume wa nyumba ulikuwa wewe.

Unaikumbuka hotuba yako ya kwanza? Uliifanyia mazoezi uani kwetu, mama akipepeta mchele. Ulikuwa unapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Mama akainua macho akakuuliza, "Rajabu, unamgombeza nani? Mimi nimekukosea nini?" Tulicheka mpaka ukakaa chini. Ndipo akakwambia, "Mtu usimhadithie shida yake, anaijua. Muulize, halafu nyamaza mpaka ajibu." Wiki ile ile, Mlingotini, ulisimama ukauliza, "Nani hapa amewahi kuketishwa chini barazani na karani wa rika la mwanawe?" Ukanyamaza. Mzee mmoja akainua mkono, akafuata wa pili, mwisho uwanja mzima ukawa mikono mitupu. Nilimtazama mama, alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Watu wanadhani ulizaliwa na kipaji cha kusoma mioyo. Hawajui kazi yetu. Mkutano wa chama chetu cha kudai uhuru ulitaka kibali cha Bwana DC, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, lakini ngoma ya wanawake haikumshughulisha mtu. Basi siku mbili kabla yako tunaingia kijijini, tunaalikana, tunacheza, kisha tunakaa jikoni na wenyeji tukikuna nazi na kumenya mihogo. Jikoni hakuna siri. Jumbe wa kijiji gani anapendelea wajomba zake, shamba la nani limechukuliwa, kisima kipi kimefungiwa, yote nilikuletea mimi. Wewe unapanda jukwaani unayataja moja moja, watu wanaguna, "Huyu kayajuaje?" Nami nimeketi pale na fahari yangu, kama fundi aliyeshona kanzu ya bwana harusi. Na ukivua kofia, hiyo ndiyo alama yetu, napiga kigelegele na wenzangu wananifuata.

Halafu ikaja Mkange. Ulikuwa unagombea uenyekiti wa chama kwa wilaya nzima, na wajumbe wengi wa kupiga kura walitoka matawi ya huko. Nilitangulia kama kawaida, nikakaa jikoni, nikarudi na nilichokisikia. Nilikwambia, "Kaka, hawana neno nawe ila moja. Wanasema umelelewa na wanawake wa pwani, ukipata cheo utawasahau." Ukaniuliza ni wangapi wanaosema hivyo. Nikakwambia karibu wote. Ukatikisa kichwa, ukasema, "Ahsante, Hidaya. Umenifaa sana." Nilidhani utatafuta namna nzuri ya kuwaambia ukweli.

Mama aling'ang'ania kuja na lori letu siku ile, na kifua chake kile. Hakuja kwa ajili ya siasa. Alitaka kuliona kaburi la mama yako, mwanamke ambaye hawakuonana hata siku moja ila walikuwa na mtoto mmoja, amsomee Fatiha. Alichukua na ubani kidogo, ameufunga kwenye kitambaa.

Alikuwa ameketi mbele kabisa, pamoja nasi, uliposema. Nayakumbuka maneno yako yote na sitaki kuyakumbuka. Ulisema, "Wanaonena kwamba mimi ni mtoto wa pwani hawanijui. Ziwa la mwanamke wa pwani sijalionja. Mama yangu amelala hapa, katika udongo huu. Aliponiacha, bibi yangu alinilea hapa hapa kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama." Watu walisimama. Wengine walilia. Nawe ukavua kofia.

Na mimi, Rajabu, nikapiga kigelegele. Mdomo ulitangulia kabla akili haijafika. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mama yangu, nikashangilia kukanwa kwake. Hilo silo la kukulaumu wewe, ni langu, na linaniuma kuliko mengi uliyonifanyia.

Ndani ya lori hakuna aliyeimba. Mwenzetu mmoja alisema, "Asante ya punda ndiyo hii," mama akamkatiza. "Hiyo ni siasa, wanangu," alisema. "Kura zikipita atakuja nyumbani atalitengua neno lake." Kaburi la mama yako hakulifikia. Alisema ataonekana anakwenda kubishana na mtoto kwenye kaburi la mzazi wake. Ubani ule alirudi nao.

Ukashinda. Mama alikungoja. Kila Ijumaa alikuwa akibakiza chakula, akisema huenda leo ukapita. Wewe ulipita Bagamoyo mara tatu ninazozijua mimi, ukahutubia, ukaondoka. Nilikutumia salamu kwamba hali yake si nzuri, ukajibu kwamba shughuli ni nyingi na unamwombea. Sisemi ulimuua. Alikuwa mtu mzima na kifua kilikuwa kimemchosha. Nasema alifariki akisikiliza mlango.

Yaliyotokea makaburini sikuyaona, kwa kuwa sisi wanawake hatuendi. Nimeelezwa na mume wangu, na mume wangu si mtu wa kuongeza chumvi. Ulikuja, hilo sikuibii. Ulikuja na lori la chama na wajumbe wanne wa Mkange nyuma yako. Ulibeba jeneza kama wengine. Mwanandani wa kumlaza ulipokuwa tayari, mwalimu wetu wa chuoni akasema, "Maharimu wa marehemu ashuke ampokee." Kila mtu pale alijua maana yake. Mwanamke hupokewa kaburini na mumewe, mwanawe au ndugu yake, mwanamume ambaye isingewezekana amuoe. Mama hakuwa na mume tena, ndugu zake wote walikwisha tangulia. Alikuwa na mwana mmoja, naye amesimama ukingoni.

Watu walikutazama. Mume wangu anasema uliwatazama wale wajumbe wanne. Ungeshuka, ungekuwa umewaambia kwa miguu yako kwamba Mkange uliwadanganya. Mwalimu alirudia mara ya pili, kwa upole, kwa sababu alikufundisha alifu kwa kijiti na alikuwa anajua vizuri wewe ni nani kwa marehemu. Ukasema, "Washuke wazee." Wakashuka Mzee Mbwana, Mzee Kibwana na Mzee Athumani, wanaume watatu ambao mama hakuwahi hata kuwapa mkono bila kuukinga kwa kanga. Wao ndio waliomlaza.

Alipokwisha fukiwa na dua kusomwa, uliomba ruhusa useme machache. Nasikia ilikuwa hotuba nzuri. Ulisema marehemu alikuwa mama wa sote, mama wa kila anayepigania haki katika nchi hii. Wanaume walilia, hata mume wangu. Aliporudi akanieleza nikamuuliza, "Mama wa sote, na hakupata hata mmoja wa kumshusha?"

Kaka, nimekuwa nikitafuta neno la upole na silioni. Umetusaliti. Ningekuwa nimekuona mbaya tangu mwanzo nisingeumia hivi, lakini nilikuamini kuliko watu wote waliokupigia makofi, kwa sababu mimi nilikuona ukiwa huna kofia wala jukwaa. Yale uliyowaambia watu kuhusu kuketishwa chini barazani yalikuwa kweli. Bado ni kweli. Mjumbe wako aliniuliza kama nimeacha chama, nikamwambia kadi yangu ninayo, na kura ya chama ataipata mtu wa chama. Hasira yangu haiko huko. Hasira yangu ni kwamba uliutumia ukweli wa watu wote kupandia, na ukweli wa mtu mmoja ukaukanyaga kama ngazi.

Na sasa naambiwa kwamba huko Dar es Salaam umeanza kusema wewe ni mtoto wa pwani kwa maziwa. Kura za pwani zinatakiwa, basi na ziwa limerudi. Waliokuona ukinyonya wamekwisha kufa, wa nyumba ile nimebaki mimi. Ndiyo maana nimekumbukwa.

Wenzangu wameniuliza kama tutacheza siku ya mkutano wako. Nimewaambia kila mmoja aamue na nafsi yake, mimi si mkubwa wa miguu ya mtu. Baadhi watacheza, wanakupenda bado, na siwalaumu.

Mimi nitakuja. Nitasimama kando yako kama ulivyotaka, uso wangu wazi, kwa sababu mbele yako ndivyo sheria inavyoniruhusu na wewe huna uwezo wa kuibadilisha. Uniulize mbele ya watu kama ulinyonya. Siwezi kusema uongo juu ya ziwa la mama yangu. Nitasema ndiyo, miaka miwili, mimi na yeye pamoja. Kisha, kabla hujavua kofia, nitawataja kwa majina wazee watatu waliomshusha kaburini, na nitawaambia mwanawe alikuwa amesimama wapi.

Ni mimi, dada yako wa ziwa moja.