Mawe ya Wabatizwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Umelala nyuma ya altare ya kanisa ulilolijenga, na hujui kwamba wanataka kulibomoa juu ya kichwa chako. Nakuandikia hadharani ili nao wasome.

Tangu tuhamishiwe kijiji kipya, kanisa letu la ufukweni, kusini mwa Nyegezi, halina mtu. Sasa imeamuliwa kwamba mawe yake yajenge ghala la pamba. Mwenyekiti wa kijiji ameliita "gofu la wakoloni". Nimesoma historia chuoni, wala sijakutana na uvivu wa fikra kama huo.

Mkoloni yupi? Padri alileta bati na msalaba tu. Kuta ulizipandisha wewe, katekista, kwa sharti lako mwenyewe: hakuna mtu mzima aliyebatizwa kabla ya kubeba jiwe kichwani kutoka ziwani na kulitia ukutani kwa mkono wake. Ndiyo maana kuta zile ni nene kama za boma na hazina mstari ulionyooka. Ndiyo maana kila aliyeingia Jumapili aligusa kwanza jiwe lake, kisha maji ya baraka. Unakumbuka uliponiinua niliguse la mama, kando ya mlango wa wanawake?

"Hili lilimtoa jasho kuliko wewe," ukaniambia.

"Na wewe uliyebatizwa ukinyonya, ulibeba nini?" mama akakuuliza. Ngoma ikalia, kwani kengele hatukuwa nayo, nanyi mkaingia mkicheka.

Basi kwenye mkutano wa kijiji ulioamua hayo nilisimama. "Ndugu Mwenyekiti, jiwe la kwenu liko ukuta gani?"

"Kijana, wakulima wamekusomesha, leo unarudi kutuhubiria mawe?"

"Liko kulia, karibu na kisima cha ubatizo," akadakia mama yake mzazi kutoka nyuma. "Nililibeba nikiwa na mimba yako. Vyote viwili vilikuwa vizito, ila jiwe lilikuwa kimya."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akaomba mikono inyooshwe, na hoja ya kulibomoa kanisa ikapita.

Hicho ndicho kinachoniunguza. Tunahimizwa kujitegemea na kufanya kazi kwa pamoja, kisha tunavunja kwa nyundo ushahidi kwamba tuliyafanya hayo kabla ya kuhimizwa na yeyote. Nikipinga, naitwa msomi mwenye kiburi. Kiburi ninacho, na sikukipata chuoni.

Ghala tunalihitaji, sikatai. Lakini Mwanza nzima ni milima ya mawe. Yale ya mlimani yanataka kupasuliwa; haya yamekwisha kubebwa na mama zetu, basi yameonekana rahisi.

Jumamosi wanaanza. Nitakaa mlangoni. Atakayetaka kuingia na nyundo itambidi anibebe, kama tulivyobebwa kwa malori kuletwa huku.

Pumzika, Baba, maadamu ukuta bado umesimama.

Mimi mwanao,
kifungua mimba wako