Nyumba ya Mtu Ambaye Hajafa

Malaba, 4 Machi 2024

Oduori,

Salamu. Natumai mama yuko salama. Mimi nipo, ingawa nasikia huko Marachi nimeshakufa.

Simu zangu hushiki, kwa hivyo nakuandikia. Binti yangu Brendah alipita nyumbani akakuta unanijengea nyumba, kuta zimeshapita madirisha. Nani amekutuma? Nilikwambia alichosema daktari: mishipa ya moyo wangu imeziba, na kati ya watu mia walio kama mimi, thelathini watapata shambulio la moyo ndani ya miaka kumi. Wale sabini hukuwasikia? Simamisha mafundi.

Kaka yako,
Bwire

Marachi, 11 Machi 2024

Kaka,

Habari ya huko? Mama anakusalimu, magoti bado yanamsumbua.

Sisimamishi kitu. Unajua vizuri mwanaume hazikwi hapa bila nyumba yake. Baba alikaa Malaba kama wewe, akafa hana hata kibanda huku. Tulimjengea mbio mbio jeneza likingoja getini, watu wakitucheka. Wewe ulifika kesho yake na miwani ya jua. Hutaniaibisha mara ya pili. Na sigara bado unavuta, mkeo ameniambia. Mabati yanapanda Jumamosi.

Mdogo wako,
Oduori

Malaba, 2 Juni 2024

Oduori,

Mama hajambo? Wewe sikuulizi hali.

Umefurahi sasa? Nyumba imeisha, hata rangi umepaka. Daktari alisema dawa na kuacha sigara vinaweza kunitoa kwa wale thelathini. Lakini kila nikishika kidonge naiona ile nyumba. Kliniki sirudi tena, na dawa nimetupa. Usiniandikie.

Bwire

Marachi, 9 Juni 2024

Kaka,

Mama hajambo, ila hasemi na mimi.

Mjinga wewe. Nilijenga kwa sababu naogopa, si kwa sababu nakungoja ufe.

Jana niliwaita mafundi tena, safari hii wabomoe. Mabati yako chini, kuta zimeanguka, na mama analia akidhani nimeingiwa na wazimu. Hapo nitapanda mihogo.

Sasa ukifa huna pa kulazwa, na mimi sijengi tena. Rudi kliniki.

Mdogo wako,
Oduori