Kiti cha Asiyesoma

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu anayekusomea. Jicho linaendeleaje? Natumaini bandeji imetoka, na ule ubishi wako wa kukataa kulala chali umekwisha, maana nakujua tangu ukiwa na meno mawili. Sisi huku wazima, ingawa uzima wenyewe una maelezo, nitayafikia. Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipige pasi. Nawe wifi, soma polepole na usiruke kitu.

Najua kamati ya redio inangoja neno lako kabla ya Ijumaa, wewe ukiwa mwenyekiti: binti wa kipindi cha sayansi afukuzwe au abaki. Wanne wanataka aondoke, wanne abaki, na lako ndilo litakaloamua. Basi nisikilize mimi kwanza.

Kazi uliyonipa pale redioni unaikumbuka. Kila andiko kabla halijaenda hewani nasomewa mimi, kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, na nisipoelewa linarudi kuandikwa upya. Bibi asiyesoma akielewa, mtaa mzima umeelewa. Maneno yako hayo. Nami sikuwa na huruma. Yule wa habari alipokuja na bajeti ya baraza nilimwambia hii hata aliyeitunga hajaielewa, akaiandika mara nne. Wa kipindi cha harakati nilimwambia apunguze kelele aseme anataka nini. Wa muziki peke yake simsumbui, maneno yake ni machache na yote mabaya.

Sasa huyu binti alichota maji ya kisima cha nyuma ya karakana ya betri, akayapeleka maabara. Majibu yakasema mna madini ya betri. Akatunga kipindi, kikarushwa Jumatatu asubuhi. Watu wakasikia kisima, wakasikia hatari, wakafanya tulichozoea kufanya: wakachemsha. Tena kwa woga wakachemsha mpaka nusu ya sufuria ikapotea. Kumbe kipindi kilikuwa kinasema msiyanywe kabisa, hata mkiyachemsha. Moto unaua vijidudu, lakini madini hayafi, na maji yakipungua ndiyo yanazidi ukali. Wiki tatu tulikunywa hivyo, hadi zahanati ilipopima watoto damu na kukuta kumi na mmoja wanayo. Kisima kimefungwa sasa.

Tangu hapo kila mtu ana lake. Mwenye karakana anasema redio imetumwa na washindani wake. Wa harakati anasema baraza ndilo linalomkingia kifua mwenye karakana. Mama muuza mkaa anaapa alimsikia binti kwa masikio yake akisema chemsheni, na juzi tu alikuwa akinilalamikia kwamba redio yake imekufa tangu mwaka jana. Wa muziki anataka tupige nyimbo wiki nzima, watu watasahau. Nikiwasikiliza nawaamini wote; nikifika nyumbani simwamini hata mmoja. Kichwa changu kimekuwa kama kapu la nyuzi la huyu fundi, ukivuta moja zinakuja zote.

Lakini kilichonivuruga hasa ni kikao. Kaimu wako alimuuliza binti kama kipindi kile kilipita kwenye kiti. Nami nilikuwepo, nimekaa karibu na dirisha. Binti akanitupia jicho kidogo, akasema, "Hapana. Siku ile bibi alikuwa mgonjwa. Sikumsomea mtu." Wajumbe wakaguna. Kuvunja utaratibu ule ndilo kosa wanalotaka kumfukuzia.

Mdogo wangu, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa kwenye kiti, mzima wa afya, na alinisomea. Mara ya kwanza sikuelewa, nikamwambia arudie. Mara ya pili akaja na maneno ya mkusanyiko na miligramu, nikaona giza. Siku hiyo kulikuwa na wageni wa redio nyingine wamesimama mlangoni, na kaimu wako, ambaye siku ile hakuwepo, alishawaambia kwa simu kwamba bibi huyu hapitwi na kitu. Sifa zikanipanda kichwani. Mara ya tatu nikasema, "Nimeelewa, mwanangu. Peleka." Sikuwa nimeelewa hata chembe. Nikaenda nyumbani nikachemsha maji.

Na kikaoni nikanyamaza. Mdomo huu usiojua kufungwa, siku ile ulifungwa. Sijui kwa nini alinificha, wala kwa nini mimi nilikubali kufichwa.

Lililobaki ndilo zito. Wifi, kaa chini kwanza. Katika wale kumi na mmoja yumo mjukuu wenu mliyeniachia. Nilimchemshia kwa mkono wangu, muda mrefu kuliko majirani wote, kwa sababu nampenda. Daktari anasema kwake madini ni kidogo na yamewahiwa. Atapimwa kila mwezi. Anakula, anacheza, jana amenijibu jeuri nikafurahi.

Juzi nilimfuata binti kwake nikamwambia sikuelewa, niambie tena. Akaanza, nikamkatiza, akaanza, nikamkatiza. Mara ya nane au ya tisa nikamuuliza kama ni sawa na mchuzi uliosahauliwa jikoni, maji yanakauka, chumvi inabaki, ukionja unatema. Binti akasema, "Ndiyo, bibi. Ni hivyo hivyo." Akafuta machozi kwa kiganja. Miaka sitini napika, mdogo wangu. Ningesema tu sijaelewa, siku ile ile tungeufikia huo mchuzi.

Alhamisi nitasema hewani, la mchuzi na la kiti, yote mawili. Neno lako kwa kamati ni lako, ila usimfukuze mtoto wa watu kwa kosa nililolikalia mimi. Na kiti mtafutieni mwingine, asiyeona haya. Mkitaka kumchukua mjukuu wenu, sitabisha. Nguo zake nimezifua na kuzikunja.

Wifi, mtie dawa ya jicho hata akilalamika. Fundi anawasalimu, anasema mkono umemuuma na mimi sina breki. Nawapenda, mkinikasirikia na msiponikasirikia.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni. Dole gumba hapo chini nimeliweka mwenyewe, baada ya kusomewa barua yote mara mbili na kuielewa.