Chumvi ya Bahi kwenye Meza ya Kifaransa

Jumatano, mwezi wa Ramadhani. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi la Dodoma limeingia hadi ndani ya mto wangu wa kulalia, lakini leo hata vumbi nalipenda. Naandika upesi kwa furaha, na mwandiko huu unaonyesha.

Leo tumefungua chumba cha chakula cha Kifaransa!

Madamu Kaliopi, mjane wa Kigiriki mwenye hoteli karibu na stesheni, alijifunza upishi Marsei, huko Ufaransa. Mimi nilijifunza jikoni kwa mapadre wa Kifaransa kule pwani. Tangu reli ifike hapa, sote wawili tumekuwa tukiwachemshia mabwana wa reli viazi na nyama ngumu, huku tukiota makubwa. Mwezi uliopita mzigo wake ukashuka kwenye treni: madebe ya mafuta ya zeituni, zeituni nyeusi, majani ya harufu kutoka kwao, na vitambaa vya meza vyeupe hata naogopa kuvigusa.

Kikabaki kitu kimoja. Wana-kondoo wazuri na maziwa ya kutosha ni vya Mzee Ndahani, Mgogo ambaye mifugo yake ikivuka njia, msafiri hukaa chini akasubiri. Alitupa mwana-kondoo mmoja tu wa kujaribia, akasema mengine tutayaongea akishaona tunamfanyia nini. Akikataa, Madamu anafunga chumba na kurudi pwani. Mimi narudi kwenye viazi. Basi Madamu akamwalika aje kula pamoja na mabwana wa reli, mapema, kabla jua halijazama, ili awahi zizi lake.

Nimepika siku nzima nikiwa nimefunga. Wapo wanaoonja kwa ncha ya ulimi wakatema. Mimi sithubutu, maana ulimi wangu naujua, ukishaonja humeza. Kazi ya kuonja nilimwachia Madamu.

Mzee aliingia na shuka lake jekundu begani na fimbo mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti cha mbao za mvule kana kwamba alizaliwa hapo. Nikaleta mwana-kondoo wa kuoka, amezungukwa na zeituni, vitunguu saumu na biringanya zilizopikwa kwa nyanya. Harufu yake! Nusura niombe udhuru kwa Mungu.

Hakuna aliyekula. Mzee aliisukuma sahani kidogo kuelekea kwangu.

"Kwetu aliyepika ndiye anayeanza," alisema. "Onja, nami nitakula."

Nikamweleza kwamba nimefunga na jua bado lipo. Nilidhani ataudhika. Akasema ataningoja, akaweka mikono magotini. Mabwana wa reli nao wakaweka uma chini, kwa kuwa mgeni mkubwa hajaanza. Madamu alisimama mlangoni akitazama mafuta yakianza kuganda kwenye sahani, uso umemwiva kama nyanya zake. Nami nilikuwa nimesimama kati ya meza na dirisha, nikilisihi jua lishuke. Sijawahi kulichukia jua hivyo.

Adhana ikasikika kutoka mjini. Nikafuturu kwa tende iliyokuwa mfukoni, nikanywa maji, nikakata kipande cha nyama mbele ya watu wote.

Laini. Harufu nzuri. Na haikuwa na chumvi hata chembe.

Nikamtazama Madamu, naye akanitazama. Mara moja nilielewa: yeye alidhani nimetia mimi, mimi nilidhani ametia yeye, na katika pilika za vitambaa vyake hakuonja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ningeweza kutabasamu na kumeza. Niliwaza viazi, niliwaza treni ikimchukua Madamu.

"Mzee, nisamehe," nilisema. "Chakula changu hakina chumvi."

Mzee Ndahani akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Akafungua kifuko cha ngozi kiunoni na kumimina mezani, juu ya kitambaa kile kitakatifu cha Madamu, chumvi ya mbuga za Bahi, ya kijivu na chenga chenga. Akanyunyiza kwenye sahani yake, akawasogezea mabwana wa reli, nao wakanyunyiza.

"Mtu anayekisema chakula chake mwenyewe mbele ya wageni," alisema, "hawezi kunilisha sumu."

Akala. Akaongezwa, akala tena. Zeituni alizitema zote, lakini mafuta yake aliyafuta kwa mkate mpaka sahani ikang'aa. Akiondoka alimwambia Madamu kwamba Jumamosi vijana wake wataleta wana-kondoo, na maziwa kila asubuhi.

Madamu amelia, amecheka, amenibusu paji la uso kama mtoto wake. Kifuko cha chumvi, ambacho Mzee alituachia, amekiweka mwenyewe jikoni kando ya debe la zeituni.

Nina furaha hata usingizi hauji. Ila kesho mabwana wa reli wanataka chakula cha mchana, saumu bado inaendelea, na Madamu ameanza mafua, hasikii ladha ya kitu chochote.

Sasa nani ataonja?