Lame za marehemu zikatwe ao zibaki?

Butembo, siku ya tano. Mvula imekatika, mais mu kichwa yangu ukungu ingali.

Mimi hapana soma hata siku moja. Masika, mujukulu wangu, ndiye ananiandikia humu, na nimemukataza kunyoosha maneno yangu.

Sijue nifanye nini na pick-up.

Ni ya marehemu bwana yangu. Alibebea ndani mbao za kutoka kule Mbau mpaka migongo ikauma, ya gari na yake. Sasa Kasereka, ndugu ya Masika, ameweka ndani moteri kubwa. Juma yote anabeba bantu na mizigo mu mji. Siku ya Mungu anashindana na bijana benzake: gari mbili, barabara ya kunyooka, nani atatangulia.

Shida iko nyuma. Fundi Muhindo alinieleza: chini kuko lame, zile byuma bapa za kupangwa moja juu ya ingine, ndizo zinabeba gari. Kasereka akikanyaga sana, lame zinajikunja, magurudumu yanarukaruka, mukia inaenda pembeni. Anataka azitoe, achomelee byuma ine na ressort, zile springi za kuviringana. Gari itatoka sawasawa, mais mbao nyingi haitabeba tena.

Na kwetu, kitu cha marehemu hakikatwe kama mujane hajasema. Donc bote bananiangalia mimi. Mimi! Najua kuchagua maharagi.

Asubuhi nilitaka lame zibaki. Moja aliiongeza bwana yangu kwa mikono yake. Kisha nikataka zitoke. Kisha zibaki tena.

"Koko, utatuzeesha hapa," Muhindo akasema.

"Nyamaza. Ile tumbo yako ndiyo inakunjaka lame."

Mangaribi nikapanda mbele, nikamuambia Kasereka akanyage. Ee Mungu! Meno yakagongana, nyuma ikaruka kama mbuzi, tukabakia kidogo tu tuingie mu mufereji. Yeye akacheka. Mimi hapana.

Huyu mutoto nilimubeba ku mugongo.

Nikasema: mukate. Mais lame ya bwana yangu musiitupe. Muipeleke kwa fundi wa kufua byuma, anitolee jembe ya shamba ya Kalunguta.

Sasa nimekaa, na sijue tena. Kule kuchomelea, kutashika? Bwana yangu angenikasirikia, halafu angeomba apande.

Kasereka, kama unasoma, wewe kichwa nguvu: siku ya kwanza ya byuma bipya, mimi ndiye nitakaa pembeni yako. Kama kitu kitakatika, kitukute babili.