Tayari kwa Lipi?

Likoni, Alhamisi, 1993

Imewaka, wallahi! Wiki nzima naifungua na kuifunga hii kompyuta kuukuu. Leo nimesugua kutu, nikaiunga kwenye televisheni ya mama, na pakatokea neno moja tu la Kizungu.

“Yasemaje?” mama akauliza.

“Yasema iko tayari.”

“Tayari kwa lipi?”

Kanda zake za programu zote zimeingia ukungu, na bila hizo haifanyi lolote. Nikapandwa na hasira, nikasema kesho naitupa jaani.

Mama alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua macho.

“Iwache, mwanangu. Nawe u tayari tangu walipokuachisha kazi kule Kipevu, na mimi sijakutupa.”

Nimeifunika kwa leso yake.