Fedha ya Majani ya Mpera

Shikamoo Bibi,

Picha iliyo nyuma ni ya Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, lakini habari yangu ni ya Gongoni, hapa mjini Tabora. Mjukuu wako anayejificha wageni wakibisha hodi, jana alihutubia kinamama wa batiki. Kwenye mafunzo yetu ya kusafisha maji tulihitaji maji yao machafu ya rangi, na mwalimu akanisukuma mbele niwaombe. Nikasema, "Tunatengeneza fedha kwa majani ya mpera."

Mama Zuhura, mkubwa wao, akamgeukia jirani yake: "Wee, na mpera wako umewaachia mbuzi."

Walicheka mpaka na mimi nikacheka. Nikaeleza kuwa ni fedha ile ya pete, siyo ya kununulia unga. Ukichemsha majani ya mpera, ukachanganya maji yake na chumvi ya fedha, yanageuka rangi ya chai, na ndani mna chembe za fedha zisizoonekana kwa macho. Nikatia kidogo kwenye chupa ya maji yao ya buluu, tukaiweka juani, tukala karanga za kuchemsha. Tulipomaliza sufuria, buluu ilikuwa imefifia, Bibi, nikaona vidole vyangu upande wa pili wa chupa.

"Mwanangu," akasema Mama Zuhura, "kesho njoo na ndoo."

Sasa wananiita Binti Fedha, na nikiitwa naitika.

Nakuombea maumivu ya magoti yapoe. Ila Mjomba usimwambie natengeneza fedha, atapanda treni leo leo.

Akupendaye,
Rehema